Mume Wangu Anajua Sura za Watu Hazinikai

Admin nifiche sana, maana mume wangu naye yumo humu. Nina miaka 31, watoto wawili, naishi Nyasubi, Kahama. Mwenzangu anachimba dhahabu upande wa Geita, nyumbani anakuja mara mojamoja.

Tangu utotoni naogopa watu. Nikisalimiana na mgeni naangalia chini, moyo unanienda mbio, akiondoka sura yake imeshafutika. Mtaani wanasema naringa. Ila mtu akinionyesha dharau, sura hiyo hainitoki ng'o. Siri hii nilimwambia mume wangu peke yake, nikilia. Akanibembeleza, na tangu hapo tukitoka wote alikuwa ananinong'oneza majina ya watu. Nilimpenda kwa hilo jamani.

Mwaka jana nilimfuata machimboni. Pale anapokula, dada muuza chakula alinikagua juu mpaka chini akanibetulia mdomo. Nikauliza ni nani, mume akasema achana naye.

Juzijuzi kaja na mgeni wa kike, eti binamu yake wa Mwadui, atakaa kwetu kidogo. Nikaangalia chini kama kawaida yangu, nikamkaribisha, nikampikia, nikamtandikia. Alikuwa anacheka muda wote, sikumshtukia. Asubuhi moja nikimmiminia chai ikamwagika, nikainua macho. Kabetua mdomo. Ni yule yule muuza chakula.

Nikamwita mume uani nikamuuliza. Hakukasirika hata kidogo. Akasema kwa upole, "Wewe kila mtu unaona anakudharau. Ni ugonjwa wako huo." Nikaanza kujitilia shaka, nikarudi ndani kuosha vyombo. Mgeni akanifuata, akaniambia taratibu, "Wifi, usijichoshe. Hata sasa utanisahau tena."

Tena! Kumbe mume kamweleza siri yangu, wakaifanyia kazi ndani ya nyumba yangu.

Mume karudi machimboni, huyo dada kaniachia hapa. Mama mkwe yuko Mwadui, nikimuuliza atanijibu kama kweli wana ndugu huyo. Lakini ataitisha kikao cha ukoo, na mimi nikitazamwa na watu wengi sauti inakata, naonekana mwongo. Mume analijua hilo, ndiyo maana hana wasiwasi. Nikinyamaza, nitaendelea kumpikia huyo dada.

Ndugu zangu, nishaurini. Niende kikaoni na woga wangu huu, au nichukue wanangu niondoke? Ila msiniambie nimsahau. Kati ya sura zote nilizowahi kuziona, hiyo ndiyo iliyonikaa.