Sihaba Alipoacha Kubishana Bei

Siku ya kwanza Bwanausi kwenda kununua kofia za viua, zile za vitundu vya kudariziwa, kwa Sihaba, pale Bagamoyo, alitukanwa kistaarabu. Alitaja bei yake ya kuanzia. Sihaba hakuinua hata uso kutoka kwenye sindano.

"Kaka Bwanausi, hiyo bei ya kofia, au ya tundu moja la kofia?"

"Ya kofia, bibie. Na hapo nimekufikiria."

"Nifikirie tena. Au rudi kwa mkeo akushonee za bei hiyo."

Akalipa alichotakiwa, akatoka akicheka. Kofia za Sihaba ziligombewa Kariakoo, alikoziuza.

Mwaka wa foleni za unga, Sihaba alizaa mtoto asiyedumu. Arubaini yake ilipopita, Bwanausi alitaja bei ya dhihaka, makusudi atukanwe. Sihaba akamsogezea kofia.

"Chukua."

Alichukua, biashara ni biashara. Safari iliyofuata, vilevile. Ya tatu ikamkera. Mtu akikubali bei ya kwanza, ama mali ni ya wizi, ama mwenyewe hayupo.

"Bi Mwanamkasi, mwanao anaumwa," alimwambia mama wa Sihaba.

"Ana huzuni. Huzuni nayo ugonjwa?"

"Inayomnyima chakula na usingizi ni ugonjwa. Nami nataka kofia zangu zishonwe vizuri."

Wakaenda naye hospitali, Dar es Salaam. Daktari aliwaeleza taratibu: chembe za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na kwa mgonjwa kama huyu, tunavyodhani, kemikali hizo hazitoshi. Vidonge huzizuia zisirudishwe upesi zilikotoka.

"Kwanza kinywa kitakauka. Usingizi utarudi. Moyo utachelewa kuchangamka, hata wiki kadhaa, msikate tamaa. Na akipata nafuu, msimwachishe mpaka niseme mimi."

Kinywa kikakauka kweli, Bi Mwanamkasi akanung'unika. Usingizi ukarudi. Kisha asubuhi moja Bwanausi akataja bei, na Sihaba akaitazama kofia, akamtazama yeye.

"Kaka, Kariakoo wamekufundisha kuiba?"

Bwanausi akalipa zaidi kuliko wakati wowote, na hakuumia.

Vidonge alivileta yeye, kila alipotoka mjini. Hakujua vinakoishia. Jirani yao Dija alikuwa kwenye eda, analia usiku kucha. Bi Mwanamkasi alimwona mwanawe anakula, anacheka, anagombana; mzima. Dawa njema hailiwi peke yako. Akampa Dija nusu, halafu akampa zote.

Bwanausi alijua siku aliyosogezewa kofia tena.

"Chukua."

Viua vilikuwa vimekwenda upande.

"Vidonge viko wapi, Bi Mwanamkasi?"

"Nilimpa Dija. Naye hakumaliza, vilimkausha kinywa, akavitupa jaani."

"Kesho turudi kwa daktari."

"Hatwendi! Ingekuwa dawa, angerudi alikotoka? Ile ndiyo iliyomzoesha ugonjwa. Mwanangu nitamwombea dua."

"Dua mwombee, na vidonge ameze."

"Wewe ulitaka kofia, baba. Si hizo? Chukua, utuache."

Alimgeukia Sihaba, akaitaja bei ya zamani, ile kubwa, ya ugomvi. Alitaka Sihaba ampinge, adai hata zaidi. Sihaba alipokea fedha bila kuzitazama, akaziacha juu ya mkeka.

Kariakoo hakuna aliyezitaka kofia zile. Bwanausi akatafuta mshonaji mwingine, huko Pangani, mwanamke mpole asiyebishana, na kofia zake ni za kawaida tu. Sihaba alibaki na sindano mkononi, na mama yake alibaki akijiona mwenye haki.