Gari ya Viti Viwili

Nilinunua gari ya viti viwili kwa sababu sikuhesabu viti. Watu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje, na sina jibu lingine la kuwapa. Gari ilikuwa ndani ya stoo, imefunikwa na turubai. Juu ya turubai kulikuwa na magunia ya mahindi, na juu ya magunia alilala paka. Niliinama nikaangalia magurudumu. Yalikuwa manne. Nikaona inatosha.

Mwenye kuiuza alikuwa mzee mstaafu wa Kisii mjini, anahamia kwa binti yake na hataki kuhama na vyuma. Alisema aliinunua akiwa kijana, kutoka kwa Mwingereza wa mashamba ya chai upande wa Kericho, akaiendesha mpaka alipooa, akaiegesha.

"Hii ni gari ya spoti, mama," akaniambia. "Ilikuwa inapanda mlima kama mbuzi."

"Hata wa Manga?"

"Mlima wowote."

Hilo ndilo nilitaka kusikia. Bonasi ya chai ilikuwa imeingia, na mtu wa huku akiwa na bonasi hana masikio mengi. Wengine hununua ng'ombe, wengine mabati. Niliomba kwanza, maana mimi hata kuku sinunui bila kuomba, nikalipa, na gari ikapandishwa kwa lori ya ndizi iliyokuwa inarudi tupu.

Sasa niseme kwa nini mama wa kanisa kama mimi alitaka gari.

Baba mkwe wangu alianguka na bodaboda akavunjika nyonga, na nyonga ikapona vibaya. Tangu hapo safari yake ni kutoka kitandani mpaka kwa kiti chake nje ya mlango, na kurudi. Kanisa letu liko ng'ambo ya mto: unateremka mlima mmoja, unapanda mwingine. Yeye ni mzee wa kanisa. Mawe ya msingi wa lile jengo aliyabeba kwa bega lake. Lakini kila robo ya mwaka ilipofika Meza ya Bwana, watu walitawadhana miguu, wakala mkate, na yeye alikaa nje ya mlango akisikia nyimbo zikivuka bonde. Siku moja akasema, "Mtanipeleka huko mara moja tu imebaki, na siku hiyo sitaimba."

Tulikuwa tumejaribu. Bodaboda hakutaka hata kuisikia. Gari ya kukodi alikataa, kwa sababu siku ya sabato hatununui wala hatuuzi, na kumlipa dereva ni kumfanyisha kazi siku ya kupumzika. Tukasema tutamlipa Ijumaa. Akasema Mungu anajua kusoma kalenda. Wanawe wawili wakamweka kwa wilbaro na blanketi safi, wakafika kona ya kwanza. "Mimi sio ndizi," akawaambia. Wakamrudisha.

Ikabaki gari ya nyumbani, inayoendeshwa na mtu wa nyumbani. Na katika boma yetu, mwenye leseni ni mimi peke yangu. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, anakuja Desemba, na hata huko anabebwa na tuktuk.

Hiyo leseni ina historia yake. Niliacha shule ya msingi nikaolewa, nikazaa, halafu nikarudi masomo ya jioni kule Sironga, kifungua mimba wangu akiwa mbele yangu madarasa mawili. Majirani walisema mwanamke anayetembea jioni na daftari anatafuta kitu kingine. Kwa kikao cha familia baba mkwe alisema maneno mawili tu: "Mwacheni asome." Basi nikawa natoka darasani giza limeingia, na nyuma yangu barabarani naona tochi. Haikunikaribia. Nikisimama kutoa kokoto kwa kiatu, na yenyewe inasimama. Nikifika mlangoni kwangu, inapita.

Ilikuwa ni yeye. Kwetu Kisii baba mkwe na mke wa mtoto wake hawatembei pamoja. Hatupeani mkono. Yeye haingii nyumba yangu, mimi sikalii kiti chake, na tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtu mwingine, hata kama tumesimama uwanja mmoja. Tunaita chinsoni. Sio uadui, ni heshima, na heshima hiyo ina umbali wake. Kwa umbali huo alinisindikiza mpaka nikamaliza kidato cha nne, na hatukuwahi kuitaja hiyo tochi, yeye wala mimi. Nilipomaliza, nikaona bado nina mwendo, nikaingia shule ya udereva.

Sasa mnaona kwa nini ingefaa nihesabu viti.

Fundi nilimtoa Nyaramba. Kazi yake hasa ni mashine za kusaga mahindi, na lori za majani chai akizipata. Alifunua turubai mbele ya boma nzima. Ilikuwa gari ndogo, imelala chini kama mtu anayejificha, nyekundu mahali kutu haikufika.

"Mama, wewe ndio utaendesha?"

"Ndio."

"Na utabeba nani?"

"Mzee wa boma hii. Viti vya nyuma kuna mtu alitoa, utaweka vingine."

Akachungulia ndani, akachungulia tena, kama mtu aliyeangusha sindano. "Mama, hakuna mtu alitoa. Hii gari ilizaliwa hivi."

Mama mkwe wangu alikuwa anachambua chinsaga kwa ungo. Aliacha mboga akaja, akazunguka gari mara moja, polepole, vile anavyozunguka ng'ombe wa kuuziwa.

"Wewe na mzee mtakaa hapo? Bega kwa bega? Kama maharusi?"

"Mama, sikujua."

"Na hiki chuma cha katikati?"

"Ni gia, magokoro," fundi akamjibu. Magokoro ni nyanya.

"Anaishika?"

"Kila wakati. Mlimani ndio kabisa."

"Na goti la mzee litakuwa wapi?"

Fundi akaangalia gia, akaangalia kiti, akasema anaenda kunawa mikono. Alikuwa bado hajagusa kitu.

Jioni nikampigia mume wangu simu.

"Umenunua nini?"

"Gari."

"Ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Na sisi ni wangapi?"

"Wewe uko Mombasa," nikamwambia.

Ningeiuza, lakini nani angeinunua? Mtu mwenye macho angehesabu viti. Nikapiga magoti nikamwambia Mungu: gari nitatengeneza mimi, mambo ya viti nakuachia. Na nikaanza.

Hatukuanza mara moja. Kuku wa mama mkwe aliingia kupitia dirisha lisilo na kioo akatagia kiti cha dereva, akaatamia. Fundi alitaka kumhamisha. Mama mkwe alimwuliza kama mke wake alipokuwa na mimba alihamishwa pia. Tukangoja mpaka vifaranga wakatoka, wote wazima, na kiti kikabaki na harufu ambayo mpaka leo ikinyesha inarudi.

Kutu niliitoa mwenyewe. Asubuhi nachuma majani chai, napeleka kituoni, mchana nakaa kwa kigoda napiga msasa. Mlango mmoja ulinichukua muda mrefu hivi kwamba wanawake wa kwaya walikuwa wanakuja kufanyia mazoezi hapo, ili wasinikose sauti ya pili. Vipuri vyake havipo Kisii, na nadhani havipo mahali pengine popote. Fundi alitoa kimoja kwa pikipiki, kingine kwa trekta, vingine akachonga kwa lathe, ile mashine ya kuchongea vyuma. Rangi nyekundu niliyopata mjini ilikuwa ya mageti. Inashika vizuri.

Ijumaa jua likianza kushuka tulikuwa tunaweka spana chini, kazi ikiwa imefika popote. Fundi ni Mkatoliki. Kuna sabato breki ilibaki na bolti moja bila kukazwa, na yeye akapanda kutoka Nyaramba siku hiyo, akazunguka gari akiwa ameshika mikono nyuma, anaiangalia hiyo bolti. Tulimpa chai na mkate. Alikunywa akiwa amesimama.

Injini ilipowaka ilinguruma kama mashine ya kusaga, ambayo ndiyo fundi aliijua. Kabla hatujaizima, wanawake wawili walikuwa wamefika na madebe ya mahindi, wanauliza laini inaanzia wapi.

Lakini kitu nilichojivunia ni paa. Gari hiyo paa yake ni ya kitambaa, na ya zamani ilikuwa imeoza. Kule mjini kuna fundi anayeshona mahema ya harusi na matanga, akanishonea nyingine kwa turubai iliyombakia, ya mistari ya bluu na nyeupe. Vyuma vya kuikunja vilikuwa vimeshikana na kutu, kwa hivyo tulikaza paa na bolti, haifunguki. Nilimwaga ndoo tatu za maji juu yake. Hakuna tone lililoingia. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila mchana, na nyonga mbovu haitaki baridi.

Katikati ya viti nikaning'iniza pazia la leso, kwa ajili ya chinsoni. Nikaenda kuijaribu. Kwa kona pazia lilipeperuka likanifunga uso, nikaingia kwa chai ya jirani. Chai ilipona. Pazia nikatoa.

Basi gari ikawa tayari, inang'aa kama geti, na Meza ya Bwana ilikuwa sabato iliyofuata, na hakuna mtu alijua mzee atakaa wapi. Mzee wa kanisa mwenzake alisema sheria ya Mungu haikatazi. Mama mkwe akamwambia sheria ya Mungu haikuolewa katika boma hii.

Muda huo wote baba mkwe alikuwa kwa kiti chake, anaangalia. Jumatano ya wiki hiyo nilikuwa napanguza vioo. Akamgeukia mke wake.

"Mwulize mama watoto: hiyo gari ni nyumba au ni njia?"

Mama mkwe akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia. "Anauliza gari ni nyumba au ni njia."

"Mwambie sijui."

"Hajui."

"Kitu chenye mlango na paa, na mtu anajifungia ndani, hiyo ni nyumba," akasema. "Nyumba yake siwezi kuingia. Lakini njiani tunapitana kila siku, na hakuna mtu amekufa. Mwambie atoe paa."

Nilikaa na kitambaa mkononi. Nikaangalia ile paa, mistari yake ilivyonyooka.

"Na goti?" mama mkwe akauliza. Hilo lilikuwa lake mwenyewe, sikumtuma.

"Nitageuzia magoti nje, upande wa chai."

"Mwambie mvua itamnyeshea," nikasema.

"Anasema mvua itakunyeshea."

Baba mkwe akaangalia mlima. "Mwambie hata wakati wa tochi ilikuwa inanyesha."

"Tochi gani?" mama mkwe akauliza.

Nikaenda kutafuta spana.

Tulitoa paa Ijumaa mchana, tukaegesha gari ikiangalia chini, ili asubuhi iwashwe na mteremko na mtu yeyote asifanye kazi ya kusukuma. Sabato ikaamka na jua. Baba mkwe alivaa koti la harusi ya mtoto wake wa kwanza, ambayo ilikuwa harusi yangu, na kofia, na mwavuli mkubwa mweusi. Wanawe wakamwingiza kama yai. Akageuza magoti upande wa chai. Mama mkwe alitutazama, akasema yeye anatembea, na akatangulia.

Nikaachilia breki. Gari ikakohoa, ikashika, na watoto wa njiani wakakimbia nyuma yetu wakipiga kelele. Mimi niliangalia barabara. Yeye aliangalia chai. Mahali penye mawe tumbo la gari liligonga, mabega yakagusana, na kila mmoja wetu akamwomba Mungu msamaha peke yake. Gia niliishika kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. Tulimpita mama mkwe, halafu pale kwa mawe akatupita, akakata njia ya mkato.

Tukiwa kwa daraja, mvua ikaanza. Sio kubwa, ile ya kuanza, yenye matone mazito. Nikasikia mwavuli ukifunguka kando yangu. Sikugeuka. Tulipanda mlima wa pili, maji yananiingia machoni, na kidogo kidogo nikaona hayaingii tena. Nikainua macho. Ukingo mweusi wa mwavuli ulikuwa juu ya kichwa changu. Mkono ulioushika ulikuwa umenyooka mpaka mwisho wake, na mwenye mkono bado alikuwa ameangalia chai, bega lake la upande wa pili linalowa.

Mwavuli pia ni paa. Lakini mama mkwe alikuwa mbele huko, na sikuwa na mtu wa kupitishia neno hilo.

Kanisani walimbeba. Alipovuliwa viatu ili atawadhwe, maji yalimwagika sakafuni, na mzee mwenzake akasema, "Hii miguu imeshaoshwa."

"Hiyo ilikuwa mvua," baba mkwe akasema. "Wewe osha."

Baadaye tukasimama kwa wimbo. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nguo zimenishika mwili, mama mkwe kando yangu, mkavu, maana alifika kabla ya mvua. Nikamsikia. Sauti ya baba mkwe ilikuwa imeharibika kwa kukaa, na alikuwa nyuma ya wengine kwa mstari mzima. Watu walipomaliza ubeti walinyamaza wakamngoja afike.

Mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Sasa niambie. Tochi gani?"

Nikamwonyesha ukurasa wa wimbo.