Kilio Nilichokiazima

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi uigizaji, huwataja walimu wangu wa jukwaani, na si uongo. Lakini ile sehemu iliyonipa umaarufu sikufundishwa na mwalimu yeyote. Niliisikia nikiwa na miaka tisa, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, kupitia ukuta wa mabati.

Mama yangu alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha biskuti. Asubuhi, upepo ukivuma kutoka viwandani, mtaa mzima ulinuka sukari inayoungua. Hata leo nikiota utoto wangu, harufu hiyo hutangulia, ndipo sura za watu zije moja moja. Jirani yetu alikaanga mandazi mlangoni pake. Alikuwa na binti mmoja wa rika langu. Mimi na huyo binti tulicheza kati ya kamba za nguo. Shuka zilizoanikwa zilikuwa mapazia yetu, nasi tukatokea katikati yake tukiwa maharusi, mawaziri, malaika, chochote tulichokitaka siku hiyo. Jua lilipita kwenye zile shuka likatufanya tuonekane kama watu wa ndani ya maji.

Kisha ikaja homa, msimu wa mvua, na kwa siku tatu tu ikamchukua yule binti.

Mama yake hakupiga mayowe. Mazishi yalifanyika kwao, magharibi mwa nchi, na aliporudi, asubuhi moja nilimsikia upande wa pili wa mabati akimimina chai. Vikombe viwili. Akasema kwa sauti ya kila siku, "Njoo unywe, chai inapoa." Akangoja. Akasema tena, chinichini. Mara ya tatu ilitoka pumzi tu. Nililala kitandani macho wazi, bila kusogea, nikiogopa kitanda kisije kikalia akajua nipo.

Mwaka uliofuata tulihamia mtaa wa Umoja, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya ghorofa. Niliigiza kanisani, halafu shuleni, halafu na kundi lililozunguka shule za sekondari likiigiza vitabu vya mtihani. Kwenye televisheni nilipata sehemu ndogo ndogo: mfanyakazi wa nyumbani anayefungua mlango, muuguzi anayesema daktari anakuja. Miaka ikapita hivyo, nikifungua milango. Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipopewa sehemu ya mama aliyefiwa na mtoto.

Mswada ulisema maneno mawili tu: "Mama analia." Nililia. Mwongozaji akasimamisha kamera. Nikalia tena, kwa nguvu zaidi. Akanijia, akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Nakuona unavyojitahidi kulia. Ndiyo shida."

Walipowasha taa upya, mezani palikuwa na birika na vikombe vya kuigizia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilimimina vikombe viwili, na naapa ile harufu ya sukari iliingia chumbani humo, maili nyingi kutoka kiwanda chochote. Nikasema, "Njoo unywe, chai inapoa." Mara ya pili. Mara ya tatu, pumzi. Safari hii mwongozaji hakuisimamisha kamera.

Tuzo nilipata kwa kipande hicho. Nilihojiwa redioni, nikapigwa picha na watu nisiowajua. Maneno yenyewe yakaingia mtaani. Umoja, vijana walioegemea ukuta walinisalimu kama mama yao wa mtaani, "Niaje mathee! Chai inapoa!" wakimaanisha harakisha, usizubae. Yakaandikwa kwenye fulana. Nilicheka nao. Nilipenda, sitaficha; nilitembea barabarani kama mtu anayeelea. Ndipo kampuni moja ya majani ya chai ikampigia meneja wangu. Walitaka niyaseme maneno yale yale kwenye tangazo, nikitabasamu.

Wiki hiyo hiyo mama akanipigia simu. Yeye hakuacha kumtembelea jirani yetu wa zamani.

"Ameiona," akasema.

"Akasemaje?"

"Alizima televisheni, akaniambia niende nyumbani."

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda kwake. Nyumba ilikuwa ile ile, ila sasa ina sakafu ya simiti. Alikuwa akikanda unga. Alinikaribisha bila kuinua macho. Nilikuwa nimejiandalia maneno, kama tunavyojiandaa kabla ya kupanda jukwaani, na yote yakanipotea.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilichukua maneno yako."

"Maneno si yangu. Kila mama husema chai inapoa." Akaendelea kukanda. "Ile sauti ndiyo yangu. Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Ukuta ulikuwa mabati, Mama."

"Mimi nilidhani niko peke yangu." Akaugeuza unga. "Vijana hapa nje wanaitana hivyo wakienda mpirani. Nikitoka kuchota maji, nasikia. Wao wanacheka. Unajua mimi nasikia nini?"

Machozi yakanitoka. Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Usilie hapa. Siku hizi ukilia sijui kama ni wewe."

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo kuhusu kazi yangu, wala hakuna mhakiki aliyewahi kuandika hivyo. Nilifuta uso. Nje mtu alikuwa akigonga bati, polepole, kama saa ya ukutani.

Baadaye akafunika unga kwa kitambaa, akasema, "Picha yake sina. Ile moja ililowa mafuriko yalipoingia. Wewe ulicheza naye. Niambie kitu nisichokijua."

Nikamwambia kuhusu zile shuka. Nikamwambia kwamba binti yake alianza kila mchezo kwa kuinama na kuwashukuru watazamaji, kabla hatujaigiza chochote, na nilipomkosoa alinijibu, "Wakiondoka mapema je?" Mama yake akacheka. Kicheko kilikuwa kidogo, kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Akaniomba nieleze tena, polepole, alivyoinama. Nikasimama nikamwonyesha. Akaniambia nirudie, mkono wa kushoto aliuweka wapi? Jua lilihama kutoka mlangoni hadi ukutani, na sisi akilini bado tulikuwa uani, kati ya zile shuka.

Nilipoaga alisema, "Ukitaka kusimulia, simulia. Jina lake liache." Ndiyo sababu silitaji hapa, na nimeacha majina mengine yote pia.

"Na watu wa chai," nikasema, "nitawaambia hapana."

"Mimi sijakutuma. Hiyo ni kazi yako."

Nilimpigia meneja wangu simu, nikakataa. "Unajua ni wangapi wanaililia nafasi hii?" Nilijua, nilikuwa mmoja wao. Bango la tangazo hilo likawekwa kando ya barabara ya Outer Ring, na msichana mrembo mwenye maneno mengine. Nilipolipita mara ya kwanza roho iliniuma, nikageuza uso. Fulana zikachakaa. Kufikia likizo iliyofuata, vijana wa Umoja walikuwa na salamu mpya, nisiyoielewa.

Sasa najiandaa kuigiza mfanyabiashara katika mchezo wa jukwaani. Mwezi uliopita niliketi soko la Kariokor karibu na mwanamke anayekata ndala za tairi. Ana namna ya kukataa bei: hasemi kitu, anapuliza tu vumbi kwenye kisu chake, polepole, mpaka mteja aone aibu. Zamani ningeichukua nikaenda nayo. Safari hii nilimweleza mimi ni nani, nikamwomba ruhusa.

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaishia miguuni, akanisogezea jozi ya ndala.

"Kwanza vaa hizi," akasema, "tuone kama zinakutosha."