Mpira Usiovuja

Harufu ya mpira mpya, katika mji wowote ninaopita, hunikasirisha na kunirudisha Kisangani wakati wa vita. Papa, baba yangu, alibeba abiria kwa baiskeli, lakini meli za mtoni hazikuleta tena mipira ya ndani, akajaza tairi majani. Abiria wakamkimbia.

Hatimaye tukapata mpira mpya sokoni. Papa akaujaza upepo, akauzamisha kwenye beseni, akatafuta povu pande zote.

“Papa, unanunua ao unaoa?” muuzaji akamcheka.

“Iko muzima,” papa akasema.

Nyumbani, mdomo wa kujazia upepo ukakataa kupita kwenye tundu la rimu. Ulikuwa mnene mno. Papa akaanza kulipanua tundu kwa msumari. Mama alikuwa ameshawasha makaa, akisubiri abiria wa kwanza tununue unga. Akayamwagia maji.