Kidole Kimoja, Simu Kumi na Tisa

Ni mwaka jana, saa tatu asubuhi, Kizuka, tarafa ya Rumonge. Mashine ya kukamua mawese inanguruma. Jovita, mmoja wa wakamuaji, anabonyeza kidole gumba kwenye simu yake mara tano. Simu inakataa.

"Inanikataa mimi mwenyewe!" anasema huku akicheka.

Anavuka barabara na kumpa simu Suud Khalifa, muuza sabuni. Mzee anaigusa mara moja, inafunguka.

Anayewatazama ni Joanita Ndayizeye, 36, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu mjini Bujumbura. Kwa miaka sita amechunguza usalama wa programu za simu, akitafuta matundu wanamopita wezi. Siku hiyo alikuja kumsalimu mama yake, akakuta tundu ambalo hakulisoma popote: kidole cha Suud kilikuwa kinafungua simu kumi na tisa.

Mambo yalianza na namba za siri. Wengi hapa walirejea kutoka makambi ya Tanzania mwaka 2008, na karibu wote walichagua namba hiyo hiyo: 2008. Wezi hawakuhitaji shule. Wakahamia kwenye kuchora alama, lakini mawese ya vidoleni yakauacha mchoro wazi juu ya kioo. Alama za vidole nazo zimeliwa na miiba ya michikichi. Basi wakasajili kidole cha mtu waliyemwamini, Suud.

"Kupokea simu hakuna shida," alieleza Suud wakati huo. "Ya kupiga ndiyo wananiletea. Hata namba ya akiba, kidole kikikataa, iko kwangu."

Ugunduzi huo ukawa sura kuu ya tasnifu ya udaktari ya Joanita. Lakini kuichapisha ni kumwonyesha kila mwizi duka la Suud. Akaamua kutoikabidhi tasnifu mpaka kidole cha mzee kitoke kwenye simu zote. Chuo kilimpa hadi mwisho wa mwezi huu. Akichelewa, mkataba wake hauongezwi.

Kila Jumamosi alipanda gari hadi Kizuka, akamfundisha kila mtu namba yake, isiyo mwaka wala siku ya kuzaliwa. Simu kumi na nane zikakubali. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Agata, mama yake. Mganga hajigangi.

"Niliona haya," anakiri Joanita. "Nafundisha watu wazima darasani, mama yangu ananishinda."

Agata, 67, anakumbuka alivyomjibu: "Nilimuambia, mutoto wangu, kidole ya Suud iko hapa kila siku. Yako iko wapi?"

Joanita anasema alilia garini hadi Gitaza, njiani kurudi Bujumbura.

Jumamosi iliyofuata hakuitaja simu. Alichambua chikichi na mama yake hadi jioni. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, Agata mwenyewe alisema, "Haya, leta hiyo namba yako."

Gazeti hili lilisubiri hadi kidole cha Suud kilipotoka kwenye simu hiyo ya mwisho, ndipo likachapisha makala hii. Joanita atakabidhi tasnifu yake Ijumaa. Akifaulu, anataka kuwashawishi watengenezaji wa programu wazijaribu kwanza kwa mikono ya wakamuaji.

Anasema alimwomba mama amwambie namba aliyoichagua, ili akisahau amsaidie. Agata aliificha simu ndani ya kitenge.

"Si weye ulinifundisha nisimuambie mutu?"