Sanduku Jasusi na Halua ya Idi

Enzi zetu Maskati, sisi tuliotoka Unguja baada ya sitini na nne, feni ilikuwa kipepeo cha ukindu na televisheni yetu ilikuwa Ami Nasor. Huyu mdogo wake baba alikuwa fundi wa ndege kiwanja cha Bait al Falaj. Siku moja akarudi na sanduku la chuma, rangi ya chungwa bivu, lililotolewa kwenye ndege mbovu.

"Ndani mna sindano," akatwambia. "Ndege ikipanda, ikishuka, yote inachora kwenye utepe wa chuma."

Hata historia ya kiwanda kilicholiunda aliijua. Wenyewe walianza na geji za boila za meli, vile vipimo vya mvuke, Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha wakahamia kwenye ndege, na marubani wakalikataa sanduku lao miaka mingi wakisema, "Jasusi huyo! Haturuki naye."

Neno jasusi likatukaa mimi na dada yangu Zuwena. Maana halua ya Idi aliyoificha mama kabatini ilikuwa ikipungua kila siku, na bakora tulikula sisi. Mama alishaapa: hakuna nguo mpya mpaka mwizi ajulikane. Na wallahi, safari hii hatukuwa sisi!

Tukalipandisha sanduku juu ya kabati. Wakati wa chakula Zuwena akatangaza, "Linaandika kila mkono unaoingia kabatini. Kesho Ami analifungua." Ami akainamia wali wake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alasiri Bibi, mama yake baba, akatuita chumbani. Daktari alishamkataza sukari.

"Wanangu, hicho kidude kinaandika mkono tu, au na jina?"

"Na jina la baba, Bibi," nikamjibu.

Akashika kichwa. "Basi mwambieni Ami yenu akifute. Nna kanga mpya mbili, chukueni."

Kumbe mama yuko mlangoni, kasikia yote. Akatutazama sisi aliotuchapa bure, macho yakamlegea. Akaenda kukata vipande viwili vikubwa vya halua, akatupa sisi.

"Na mimi?" akauliza Bibi.

"Wewe mama, sanduku linakuona."

Leo wajukuu zangu wa Al Khoudh, hapa hapa Maskati, hawali kitu mpaka wakipige picha. Wanajirekodi wenyewe, tena kwa furaha. Bibi yetu alitutoka mwaka uliofuata, hakuacha hata picha moja. Wakiniuliza alikuwaje, nawasimulia mpaka mwisho, halafu mmoja ananiambia, "Bibi, rudia, nilikuwa sijabonyeza kurekodi."

Sirudii ng'o. Wangesikiliza.