Bakteria wa Bwawani

Siku zile trela za miwa zikifukuzana Mayoni, mlinzi wa bwawa la majitaka aliwalisha bakteria wake molasi kwa kikombe. "Kuleni, wanangu! Si mnapendanga utamu? Mmalize na hiyo dawa!" Antibiotiki za ng'ombe zilikuwa zimemwagika humo, na maji hayangefunguliwa kwenda mtoni zikiwamo. Kila jioni, kupima kama dawa imeisha, alidondosha maji hayo kwenye maziwa aliyopewa na Awinja, jirani yake. Dawa ikiwamo, huua vijidudu vya kugandisha, na maziwa hugoma kuganda. Awinja alishachoka kutoa. Asubuhi moja akatikisa kibuyu cha maziwa hayo, akasikia mabonge. "Mzee, yameganda!" Mlinzi akarukaruka, gambuti zikipiga makofi. Akawamwagia bakteria maziwa yote, kisha akainama, sikio majini, kama mama anayengoja mtoto acheue.